Neno "Gereza" na Ngome ya Mombasa

Neno "gereza" twalitumia siku zote, wala hatukumbuki lilikotoka. Asili yake ni neno la Kireno "igreja", maana yake kanisa. Wareno walikuwa na kanisa ndani ya ngome yao, na yaelekea wenyeji wa pwani waliiita ngome yote kwa neno lile. Huko Kilwa Kisiwani hata leo ngome ya kale yaitwa Gereza. Hatimaye neno likawa nyumba ya wafungwa. Basi kanisa limekuwa ngome, na ngome imekuwa kifungo.

Ngome ya Mombasa ilianzwa mwaka 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, fundi wa Milano, ikapewa jina la Yesu. Kuta zake ni nene, na mizinga yake ilielekea baharini. Lakini adui wa kwanza kuitwaa hakuvunja ukuta. Mfalme Hasan wa Mombasa aliuawa baada ya kugombana na Wareno. Mwanawe Yusuf akapelekwa Goa, akalelewa na watawa, akabatizwa kwa jina la Jerónimo. Aliporudi kutawala, alipata dharau. Mwezi wa Agosti 1631 akaingia kwa lango kama rafiki, akamwua kapiteni, na Wakristo wengi, Wareno na Waafrika, wakauawa.

Wareno walirudi mwaka uliofuata, wakaiongezea ngome nguvu. Hata Machi 1696 Waarabu wa Omani wakaizingira, na ilipoanguka Desemba 1698, waliosalia ndani walikuwa wachache mno. Wengi waliuawa na maradhi, wala kuta hazizuii maradhi. Baadaye Waingereza waliifanya gereza hasa, tangu 1895 hata 1958.

Hatusemi kwamba kujenga ukuta ni dhambi. Nehemia aliweka walinzi usiku na mchana. Ila kwanza aliomba. Kosa ni kuandika jina la Bwana juu ya lango, kisha kulitumainia jiwe, na kumdhulumu jirani kwa kuwa jiwe lipo. Chuki iliyozaliwa kwa dhuluma yaujua mlango.

Nasi walimu tuna kuta zetu: cheo, elimu, fedha za misheni, urafiki wa wakubwa. Tukijificha humo mbele ya watu wetu, kanisa letu nalo litakwenda njia ya neno lile.