Saint Paul: gari la anasa na gari la kazi

Mwaka 1925 kampuni ya Ford ilifungua kiwanda mjini Saint Paul, Marekani, kando ya mto Mississippi. Umeme ulitoka kwenye bwawa la mto huo. Mchanga wa kutengenezea vioo ulichimbwa chini ya kiwanda chenyewe. Kilianza na Model T, gari la nguvu za farasi 20, ambalo wakulima walilitumia hata kuendeshea misumeno na pampu. Baadaye zikaja saluni kubwa za LTD, tulivu na za starehe; uundaji wa saluni ukakoma hapo mwaka 1978. Pikapu zikaendelea hadi Desemba 2011, Ranger ya mwisho ilipotoka na kiwanda kikafungwa. Msikilizaji, anasa ilitangulia kuondoka. Lakini hata gari la kazi halikuziokoa ajira za waliolitengeneza.