Saa na Mpinzani

Katika mbio za mita 1,500 mkimbiaji hukabiliana na maadui wawili. Wa kwanza ni saa. Wa pili ni binadamu mwenzake anayehema nyuma ya bega lake. Anayekimbilia saa hutaka kasi tangu mwanzo, na siku hizi hupewa watu wa kumwongoza kwa mizunguko miwili au zaidi, kisha hujitoa uwanjani kazi yao ikiisha. Anayekimbilia ushindi hajali saa. Huweza kujificha katikati ya kundi, akategea, akaziweka nguvu zake zote kwa mita 300 za mwisho. Yupi kati yao ndiye mkimbiaji hasa? Swali hili hubishaniwa vibarazani Temeke na Kinondoni kama yanavyobishaniwa mambo ya Simba na Yanga, na kila ubishi huishia kwenye jina moja: Filbert Bayi.

Bayi alizaliwa mwaka 1953 huko Karatu, akawa askari wa jeshi letu. Mwezi Januari 1973, katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1968 katika mbio hizo hizo. Mtindo wake ulikuwa mmoja: bastola ikilia, yeye huyo mbele. Wenye hekima ya michezo walitikisa vichwa, maana anayetangulia huwakinga upepo wenzake, na hajui nani anamnyemelea. Haraka haraka, walisema, haina baraka.

Tarehe 2 Februari 1974 Michezo ya Jumuiya ya Madola ilikuwa Christchurch, New Zealand. Katika fainali walikuwemo John Walker, kijana wa nyumbani mwenye miaka 22, na Ben Jipcho wa Kenya, ambaye katika michezo hiyo hiyo alitwaa dhahabu ya mita 5,000 na ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Bayi alitoka mbio kama kawaida yake. Mizunguko miwili ilipotimia alikuwa ameacha pengo la mita 20 hivi. Katika mzunguko wa mwisho Walker alilipunguza hatua kwa hatua, lakini Bayi hakukubali kupitwa. Alimaliza kwa dakika 3:32.16. Rekodi ya dunia ya Jim Ryun wa Marekani, dakika 3:33.1, iliyodumu tangu mwaka 1967, ilikuwa imevunjika. Walker, kwa dakika 3:32.52, naye alikuwa ameivunja, akaambulia nafasi ya pili.

Hapo ndipo penye somo. Siku ile hapakuwa na mtu wa kuongoza kasi. Bayi aliikimbia kasi ile kwa sababu alitaka kushinda, na njia yake ya kushinda ilikuwa kuwachosha wenye mbio kali za mwisho kabla ya kufika mwisho. Walker naye aliifikia rekodi kwa kumfukuza mtu. Saa ilisimama pembeni kama karani, ikaandika walichofanyiana.

Mwezi Mei 1975, mjini Kingston, Jamaica, Bayi alivunja pia rekodi ya maili moja kwa dakika 3:51.0. Agosti ya mwaka huo huo Walker akampokonya kwa dakika 3:49.4, binadamu wa kwanza kushuka chini ya dakika 3:50. Dunia ikasubiri wakutane kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na zaidi ya nchi 20, nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, zikasusia michezo hiyo. Inaelezwa pia kwamba malaria ilikuwa imemshika Bayi karibu na wakati ule. Walker alishinda kwa dakika 3:39.17, sekunde saba nyuma ya mbio za Christchurch. Bayi alipata medali yake ya Olimpiki mwaka 1980 huko Moscow, fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji.

Atakayesema kwamba ushindi ndio wa kudumu ana hoja. Rekodi ni kitu cha kuazima: Sebastian Coe wa Uingereza aliichukua ile ya mita 1,500 mwaka 1979, ila dhahabu ya Christchurch hakuna wa kuichukua. Rio mwaka 2016 Matthew Centrowitz wa Marekani alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 kwa dakika 3:50.00, sekunde moja tu pungufu ya muda ambao Bayi aliumalizia maili nzima, iliyo ndefu zaidi kwa mita 109. Hata hivyo dhahabu ni dhahabu. Lakini Bayi alinyimwa mbio za Montreal, na kilichobaki kumtetea mbele ya dunia ni muda ule ulioandikwa. Saa haisusiwi.

Mpaka leo, zaidi ya nusu karne baadaye, hakuna Mtanzania aliyekimbia mita 1,500 kwa kasi kuliko ile ya 1974. Sisi tumeitunza tarakimu kama hirizi na kusahau ilivyopatikana. Saa ya kupimia mbio kila mwalimu anaweza kuinunua Kariakoo. Mpinzani hanunuliwi. Bayi alimpata Keino, akampata Jipcho, kisha Walker, na kila mmoja alimlazimisha atoe asichojua kuwa anacho. Tukitaka tarakimu ile ishuke, tuwape vijana wetu mashindano mengi zaidi, hapa nchini na kwa majirani, wapate watu wa kuwaogopa. Muda mzuri utakuja wenyewe, ukiwa nyuma ya mshindi kama kivuli.