Shura na Haluli katika Hodhi la Kioo

Wapenzi wa mahodhi ya kioo, wale wanaostawisha majani chini ya maji pamoja na samaki, waliitakidi kwa muda mrefu kwamba mmea wa majini hautaki mbolea ila kinyesi cha samaki, na itikadi hiyo haikuzuka bure, kwani asili yake ni jaribio la mwanakemia hodari. Mwaka 1849, mjini London, Robert Warington alitia katika chombo cha kioo samaki wawili wa dhahabu na mmea uitwao Vallisneria, na alipoona majani yaliyokufa yanaoza na kuyachafua maji akaongeza konokono, ambao walikula uozo wote. Mwaka uliofuata akaitoa habari hiyo kwa wanakemia wenziwe, akibainisha jinsi samaki anavyoupa mmea hewa ya ukaa, na mmea nao unavyomrudishia samaki oksijeni. Watu wa zama zile walishikwa na mapenzi ya jambo hili, hata mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki kwa umma. Lakini mizani ya Warington ilikuwa mizani ya pumzi zaidi kuliko ya chakula, na waliomfuata wakaichukua kana kwamba ni yote mawili.

Na ajabu ni kwamba elimu ya chakula cha mimea ilikuwapo zama zile zile. Huko Ujerumani Justus von Liebig, katika kitabu chake cha mwaka 1840, alikuwa amekwisha kuwatangazia wakulima kwamba mmea hula madini. Na ni yeye aliyeieneza kanuni, iliyotangulia kutajwa na Carl Sprengel, kwamba ustawi wa mmea hufungwa na kile kilichopungua kuliko vyote, hata vingine vikijaa tele. Yapata mwaka 1860 Julius Sachs na Wilhelm Knop wakaotesha mimea pasipo udongo, katika maji yaliyotiwa chumvi chache tu: nitrati ya kalisi, shura (nitrati ya potasiamu), haluli (salfati ya magnesiamu), fosfati ya potasiamu, na chuma kidogo. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa tunu. Shura ilijulikana tangu kale na mafundi wa baruti, na haluli ilikuwa dawa ya tumbo.

Kilichoizuia elimu hiyo isiingie katika mahodhi ni hofu ya mwani. Maji yakigeuka kijani, au majani yakivikwa nyuzi na utando, lawama ilitupiwa nitrati na fosfati, na hofu hiyo ilipata nguvu katika miaka ya 1960 na 1970, pale fosfati za sabuni na mashamba ziliposhuhudiwa zikilisha mwani katika maziwa makuu kama Erie. Basi dawa za chupa zilizouzwa kwa wapenzi wa mimea aghalabu zilikuwa chuma na madini machache mengine, ambayo Kaspar Horst na Horst Kipper wa Ujerumani waliyasisitiza sana katika miaka ya 1980. Na mnunuzi alilipia, kwa sehemu kubwa, maji.

Mwaka 1996 Paul Sears na Kevin Conlin, watu wa Kanada, walifanya jambo ambalo naliona la kusifiwa kuliko yote katika tarehe hii: waliandika vipimo hadharani. Shura, salfati ya potasiamu, haluli, na mchanganyiko wa madini haba wenye chuma, vyote vikayeyushwa katika maji yaliyokenekwa, wakayaita matone ya maskini. Fosfati waliiacha makusudi, kwa hoja kwamba ikipungua yenyewe, mimea mikubwa itaushinda mwani. Miaka michache baadaye Tom Barr wa California alitia fosfati na nitrati kwa ukarimu katika mahodhi yenye mimea mingi, mwani usitokee. Akafundisha kwamba mmea usinyimwe kitu, na nusu ya maji ibadilishwe kila wiki ili kisichotumika kisirundikane. Hoja ya Wakanada ikaanguka. Vipimo vyao vya shura vikabaki.

Hesabu yenyewe ni sahali. Gramu 1 ya shura katika lita 100 huongeza takriban miligramu 6 za nitrati kwa kila lita. Anayetaka miligramu 20 kwa kila lita kwa wiki, katika hodhi la lita hizo 100, atatumia gramu 3 na kitu, hivyo kilo moja itamfikisha karibu miaka sita. Fosfati ya potasiamu hutakiwa kwa uchache zaidi, na gramu 1 katika ujazo huo huo hutoa takriban miligramu 7 za fosfati kwa kila lita. Shura hiyo ni ile nitrati ya potasiamu iyeyukayo yote, ambayo wakulima wa maua huipitisha katika mirija ya matone. Urea na DAP, ijapokuwa ni rahisi na zimejaa katika maduka ya pembejeo, hazifai kutiwa humo, kwa sababu nitrojeni yake hutoka kwanza kwa sura ya amonia, na amonia, hasa maji yakiwa na magadi, huunguza matamvua ya samaki kabla mmea haujapata kuimeza.