Swali la Loliondo: Shule ya Kanisa Ipimwe kwa Kipimo Gani?

Kila yanapotangazwa matokeo ya kidato cha nne, sisi waamini wa Karatu na Ngorongoro huulizana swali lile lile: shule yetu imepata daraja la kwanza ngapi? Ni swali la haki. Wazazi wameuza mbuzi, mahindi na vitunguu ili kulipa ada, nao wanastahili kujua. Lakini katika historia ya wilaya zetu hizi mbili lipo swali jingine, lililoulizwa Loliondo mwaka 1966, ambalo hatujamaliza kulijibu.

Kanisa lilikuja kwetu pamoja na shule. Karatu, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Mbulu, ililelewa na mapadre Wapalotini. Mbulu ikawa jimbo mwaka 1953. Ngorongoro na Umasaini kwa jumla walihudumu wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, na mwaka 1963 likaanzishwa Jimbo la Arusha chini ya Askofu Dennis Durning. Mtoto alifundishwa kusoma, kuhesabu na katekisimu mahali pamoja, na wengi waliamini kwamba anayepita shuleni atatoka akiwa Mkristo.

Mwezi Mei 1966 Padre Vincent Donovan, Mmarekani aliyekuwa akihudumu Loliondo, alimwandikia askofu wake barua. Misheni ilikuwa katika mwaka wake wa saba. Ilikuwa na shule nne zilizoendeshwa vizuri na kwa gharama kubwa, ilikuwa na huduma ya afya, na uhusiano wake na Wamasai ulikuwa mzuri. Hata hivyo, padre alipohesabu alikuta kwamba hakuna Mmasai mtu mzima hata mmoja wa pale aliyekuwa akiishi imani. Wala hakuna mtoto aliyeendelea kushika dini baada ya kumaliza shule. Aliomba ruhusa aache shughuli zote hizo kwa muda, aende kwenye maboma kuzungumza na watu juu ya Mungu, basi. Habari hiyo aliieleza baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1978.

Huko kwenye maboma ndiko mpimaji naye alipopimwa. Baada ya kuwafundisha watu wa mzee Ndangoya kwa mwaka mzima, Padre Donovan alifika kuamua nani abatizwe na nani asubiri. Huyu amekosa mafundisho mengi kwa sababu ya kuchunga ng'ombe, yule hakuelewa, wawili wale wamefaulu. Mzee Ndangoya alimkatiza kwa heshima. Akamuuliza kwa nini anataka kuwatenganisha. Akamweleza kwamba padre alipokuwa hayupo, wao walikuwa wakizungumza habari hizo usiku kando ya moto. Wavivu walisaidiwa na wenye bidii, na wazito wa kuelewa walisaidiwa na wepesi. Kwa hiyo waliamini wote pamoja. Padre alikubali, wakabatizwa wote.

Tusimsome Padre Donovan kana kwamba alitufundisha kudharau shule. Edward Moringe Sokoine, Mmasai na Mkatoliki aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, alipita sekondari ya Umbwe, na taifa zima lilivuna matunda yake. Tena matunda ya shule huchelewa. Miaka saba ni michache. Kosa la Loliondo halikuwa kujenga madarasa. Lilikuwa kudhani kwamba darasa peke yake litafanya kazi ya jamii nzima: mtoto alifundishwa imani shuleni, akarudi kwenye boma ambako hakuna mtu mzima wa kuishi naye imani hiyo.

Historia ilitulazimisha kulitafakari jambo hilo. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, Serikali ilichukua shule za misheni, na Kanisa likabaki hasa na seminari. Wapo waliolia. Lakini ni katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1976, maaskofu wa Afrika Mashariki walipoweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo mbele katika uchungaji. Kile alichokisema mzee Ndangoya kando ya moto kikawa utaratibu wetu wa kila juma.

Baadaye mlango wa shule ulifunguliwa tena, na mwaka 1992 Serikali na makanisa walitia saini makubaliano juu ya huduma za elimu na afya. Majimbo yetu yakajenga upya. Safari hii ushindani ulikuwa mkali, na orodha ya shule kumi bora ikawa kama Injili ya pili. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha hizo. Kama Serikali yenyewe imeona kipimo hicho kina kasoro, je, sisi tukishike kuliko wao?

Mtihani tuutunze, shule isiyofundisha hesabu vizuri haimtukuzi Mungu. Lakini tuongeze maswali mengine. Je, mwanafunzi mwepesi anamsaidia mzito, au tunamwondoa mzito kabla ya kidato cha nne ili asituharibie wastani? Je, binti wa mfugaji anayechelewa kurudi likizo anatafutwa, au anafutwa? Wahitimu wetu wa miaka mitano iliyopita wako katika jumuiya zipi? Mkuu wa shule anayeweza kujibu hayo ndiye kiongozi tunayemhitaji, nasi tusimpime kwa idadi ya madaraja pekee, kwa kuwa tukimpima hivyo ataongoza hivyo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la 28 Oktoba 1965 juu ya malezi ya Kikristo, ulisema kwamba shule hutegemea zaidi walimu, na kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza. Basi swali la Loliondo haliwahusu walimu peke yao. Kijana anapomaliza shule na kurudi Rhotia, Mang'ola, Endulen au Loliondo, atatukuta sisi. Tukiwa tumekaa pamoja tukizungumza habari za Mungu, masomo yake yataendelea. Tukiwa tumetawanyika, hata daraja la kwanza halitamtosha.