Wapagazi Hawana Pointi: Vita ya 1917 Kusini na Hesabu Tunazozirithi

Mchezo wa vita wa mezani una masharti yake, na anayetaka kushiriki mashindano hana budi kuyatimiza. Huchagua jeshi na mwaka wa vita. Hununua askari wadogo wa madini au plastiki, wenye kimo cha milimita 28 hivi, huwasafisha, huwagandisha bunduki zao, huwapaka rangi ya msingi, kisha hukaa na brashi nyembamba usiku baada ya usiku akipaka ngozi, nguo, mikanda na vifungo. Baada ya hapo huandaa orodha ya jeshi. Kila askari ana bei yake ya pointi: mzoefu ni ghali kuliko kuruta, na ghali zaidi ni mizinga na zile bunduki za rashasha ambazo wazee wetu waliziita bombomu. Waandaaji huweka kikomo cha pointi ili wachezaji waingie mezani wakiwa na nguvu zinazolingana. Yaliyobaki huamuliwa na dadu, tepu ya kupimia na akili ya mchezaji.

Msomaji asiharakishe kuuona huu kuwa mchezo wa watoto. H. G. Wells, mwandishi wa riwaya, aliuandikia kitabu mwaka 1913, lakini mizizi yake ni ya zamani zaidi na si ya mzaha hata kidogo. Mwaka 1824 Luteni von Reisswitz wa jeshi la Prussia alichapisha kanuni za mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani, kwa vipande vidogo na dadu, na wakuu wa jeshi hilo wakaufanya kuwa sehemu ya mafunzo ya maofisa. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani katika nchi yetu kuanzia 1914, alilelewa katika jeshi lenye mazoea hayo. Kwa maana hiyo, kabla wapenzi wa mchezo huu hawajaiweka vita ya Afrika Mashariki mezani, meza yenyewe ilikwisha kuchangia namna vita hiyo ilivyofikiriwa.

Mwaka huu rafiki yangu niliyesoma naye shahada ya uzamivu Uingereza aliniletea orodha ya jeshi analoliandaa kwa mashindano. Jeshi ni la Wajerumani, mwaka ni 1917, mahali ni Ruangwa. Alitaka nimhakikie mambo madogo: je, kofia za askari zilikuwa bado na kitambaa cha kufunika shingo? Je, miguu iwe na viatu au iwe mitupu? Nilimjibu kwamba mwaka ule asitafute sare moja. Jeshi lilikuwa limechakaa, wengine wamevaa nguo walizoteka kwa adui, na kaki iliyofuliwa mara mia hubaki na rangi ya vumbi. Kazi yake ilikuwa nzuri sana. Nilihesabu askari 40, Wazungu 4, bombomu 2 na mzinga mmoja. Wapagazi walikuwa 2, nao aliwaweka kama mapambo ya ukingo wa meza. Nilipouliza sababu, alinijibu kwa uungwana kwamba kanuni za mashindano haziwapi wapagazi pointi.

Jibu lile lilinikalia moyoni, kwa sababu Ruangwa na Nachingwea si ukumbi wa kubuni. Wasomaji wengi wanaijua Nachingwea kwa mradi wa karanga wa miaka ya 1940, au kwa kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO. Mambo ya 1917 yamefunikwa. Tarehe 19 Julai mwaka huo majeshi yalipigana Narungombe, ambako leo ni Wilaya ya Ruangwa, katika msimu wa kiangazi ambapo mwenye visima ndiye mwenye vita. Septemba Wanijeria walioletwa na Waingereza walipigana Bweho Chini. Tarehe 10 Oktoba Waingereza wakaiteka Ruponda, na siku chache baadaye mapigano yakafika kwenye misheni ya Lukuledi. Katikati ya safari hizo zote, za kushuka kutoka upande wa Kilwa na za kupanda kutoka Lindi, ndipo ilipo nchi ya Lionja na vijiji jirani, kati ya Nachingwea na Ruangwa.

Vitabu vya kijeshi hupenda kusimama Mahiwa, karibu na Nyangao, ambako kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba yalipiganwa mapigano makali kuliko yote ya vita hii. Hesabu inayotajwa sana ni kwamba Waingereza walipoteza watu 2,700 hivi, waliouawa na kujeruhiwa, kati ya 4,900. Wajerumani walipoteza 519 kati ya 1,500. Ukihesabu kwa pointi za mezani, huo ni ushindi mkubwa wa Lettow-Vorbeck. Lakini tarehe 25 Novemba, wiki tano tu baadaye, mshindi huyo alikuwa akivuka Mto Ruvuma kuikimbia nchi. Alikuwa amepungukiwa risasi, dawa ya malaria na chakula, na Ruponda iliyotekwa siku tano kabla ya Mahiwa ilikuwa ghala lake. Kwa maoni yangu, Ruponda ina uzito kuliko Mahiwa katika kueleza mwisho wa vita hii katika nchi yetu. Sijawahi kuona mchezo wa mezani wa Ruponda, na si ajabu: nani atapaka rangi magunia?

Hapa inafaa kukaa kidogo na hesabu. Mbung'o aliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota kwa maelfu, barabara za magari zilikuwa chache, na masika yalizimeza. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 60, yaani kilo 27 hivi, na posho yake, ikipatikana kamili, ilikaribia kilo moja ya unga kwa siku. Mpagazi akibeba unga kwa siku 10 kwenda na siku 10 kurudi, anakula kilo 20 katika mzigo wake mwenyewe. Kikosini zinafika kilo 7. Sasa chukua kikosi cha watu 1,000 wanaokula kilo moja kila mmoja. Kinahitaji wapagazi 143 wafike kila siku. Na kwa kuwa safari ya kila mmoja ni siku 20, lazima wapagazi karibu 2,860 wawe njiani wakati wote, kabla hata sanduku moja la risasi halijabebwa. Ukiwaongeza wa risasi, wa machela na wa mizinga, unaona kwa nini upande wa Waingereza peke yake uliwachukua takriban watu milioni moja kuwa wapagazi, na kwa nini vifo vyao hukadiriwa kukaribia 100,000. Wengi wao hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, nimonia na njaa.

Upande wa Wajerumani haukuwa tofauti. Kampuni moja ya kabla ya vita ilikuwa na askari 160 hivi na wapagazi wapatao 250. Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma, baada ya kuwaacha nyuma wagonjwa na wadhaifu, alikuwa na Wazungu takriban 300, askari 1,700 na wapagazi 3,000, mbali na wanawake na watoto waliofuatana na askari. Hilo ndilo lilikuwa jeshi jepesi, lililopunguzwa makusudi ili likimbie vizuri!

Kwa uwiano huo, orodha ya rafiki yangu yenye askari 40 ingehitaji wapagazi wasiopungua 70. Nilimwandikia hivyo, nikampendekezea kanuni moja ndogo: bombomu isiyokuwa na wapagazi wake isihame, na kila baada ya mizunguko miwili kundi la wapagazi lilete risasi kutoka ukingoni, la sivyo bunduki inyamaze. Aliijaribu nyumbani na mwenzake. Matokeo yake, wachezaji wote wawili waliacha kushambulia askari wakaanza kuwinda wapagazi, maana hapo ndipo jeshi linapovunjika kwa bei rahisi. Waandaaji wa mashindano waliikataa kanuni hiyo kwa hoja kwamba ingerefusha mchezo. Siwalaumu, mashindano yana saa zake, na mtu aliyesafiri kwenda kucheza anataka kucheza. Ila walichokikataa ndicho kilichokuwa vita yenyewe.

Katika semina yangu hatuna askari wa madini, kwa hiyo tulitumia nafaka, punje moja kwa watu 10. Tuliweka mezani punje 30 za mchele kwa Wazungu, maharage 170 kwa askari, na mbaazi 300 kwa wapagazi. Wanafunzi walizitazama kwa muda. Mmoja, mwenyeji wa Ruangwa, akauliza: "Dokta, na hawa wote walikula kwa nani?" Watu 5,000 kwa kilo moja ni tani 5, gunia 50 za kilo 100, kila siku ya Mungu. Gunia hizo hazikutoka Ujerumani, kwa sababu bahari ilikuwa imefungwa na Waingereza. Zilitoka katika maghala ya Wamwera, Wayao na Wamakonde, watu wale wale ambao mwaka 1905 walisimama katika vita ya Maji Maji na kuadhibiwa kwa kuchomewa mashamba na chakula. Wajerumani wenyewe walihesabu vifo 75,000 katika Maji Maji. Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Miaka kumi na miwili baadaye majeshi mawili yakaja kula katika nchi hiyo hiyo, na vijana waliopaswa kulima wakawa njiani na mizigo vichwani. Wasomaji wangu walio Dodoma wanayo kumbukumbu ya namna hiyo karibu nao zaidi: njaa ya Mtunya iliyoiangamiza Ugogo kuanzia 1917, baada ya chakula, mifugo na watu kuchukuliwa na pande zote mbili.

Kwa hiyo mwenye ghala hayumo mezani hata kama pambo. Na meza hii si ya wachezaji wa Ulaya peke yao. Nenda pale katikati ya Dar es Salaam, kwenye sanamu iliyosimamishwa mwaka 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann. Maandishi yake yanawataja wapagazi kwa heshima. Sanamu yenyewe ni askari mmoja, bunduki mkononi, na sisi sote tunapaita Askari. Nairobi walau walimsimamisha mpagazi kando ya wapiganaji wawili. Dar es Salaam mpagazi alipewa jina la soko, Kariakoo, ambapo maelfu hupita kila siku wakibeba mizigo bila kujua kwamba wanatamka jina la kikosi cha wabeba mizigo.

Fedha nazo zilifuata mkondo huo huo. Baada ya vita ilibaki mishahara ya wapagazi waliokufa au ambao jamaa zao hawakupatikana. Suala hilo lilibishaniwa kwa miaka kati ya maofisa wa makoloni na hazina ya London, na wenye haki hawakulipwa. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wa Lettow-Vorbeck waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee wasiokuwa na cheti walipewa ufagio au fimbo na kuamriwa kwa Kijerumani kuonesha gwaride la silaha, na kila mmoja aliyakumbuka. Ni simulizi inayopendwa sana Ujerumani, na mimi hainifurahishi, kwa kuwa haimuulizi mpagazi chochote. Yeye angepimwa kwa amri ipi?

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa katika utumishi wa dola ya Uingereza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Ripoti hiyo inaonesha kuwa hilo halikuwa bahati mbaya. Maofisa wa wakati ule waliamua kwamba Mwafrika hahitaji kaburi lenye jina. Baadhi ya orodha za majina zilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kuona kwamba zinastahili kuchongwa.

Upande wetu kazi bado haijaanza vya kutosha, na hapa nawageukia watumishi wa halmashauri za Nachingwea na Ruangwa, pamoja na wanafunzi wenye jamaa huko. Wajukuu wa wapagazi wa 1917 ni wazee sasa, na wengi wao walisikia habari hizi kwa babu zao wenyewe. Tumeandaa dodoso la ukurasa mmoja: jina la aliyechukuliwa, kijiji, jeshi lililomchukua, alichobeba, alirudi au hakurudi, na ukoo uliobaki ulikula nini mwaka ule. Wanafunzi wanne watalipeleka Lionja, Ruponda na Narungombe wakati wa likizo ndefu. Ofisa mtendaji wa kata atakayekuwa tayari kuwapokea, au msomaji mwenye jina hata moja la kuanzia, aniandikie kabla hawajasafiri.