Je, serikali hufungwa na sheria yake ya hakimiliki?

Leo naacha programu kidogo, niwape historia.

Wimbo wetu wa taifa ulitungwa 1963 na tume ya watu 5, akiwemo Thomas Kalume, aliyekuja kuwa mbunge wa Malindi Kaskazini. Mahadhi yake yalitoka kwa Mzee Meza Moroa Galana: wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, majirani zetu wa Mto Tana.

Sasa tazameni. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 iliruhusu kuwekwa masharti kwa anayetumia sanaa za jadi, isipokuwa chombo cha umma kisichotafuta faida. Yaani aliyejenga nyumba kajiachia mlango wa uani! Katiba ya 2010, ibara ya 11, ikataka jamii zilipwe utamaduni wao ukitumiwa. Sheria ya kuulinda ikaja 2016.

Sidai tulipie kila tukiimba. Lakini hata programu huria, ambazo ni za bure, leseni zake nyingi hudai mwenyewe atajwe. Serikali ianzie hapo: wimbo ukichapishwa, Wapokomo watajwe.

Nanyi mwasemaje?