Mfalme upande huu, mngazi upande ule

Mwaka jana nilikuwa natafuta kazi, licence yangu ya agronomia imelala ndani ya valizi. Rafiki mmoja akaniambia: « Ile franka ya koko yako, kuna mtu anakusanya feza za zamani. Atakupa dola. » Koko, mama ya mama yangu, aliipata kwa baba yake, aliyekata ngazi wakati wa Wabelgiji. Nikaenda kuiomba, na yeye akanipa bila neno.

Njiani nikaanza kuiangalia vizuri. Ni franka 1 ya mwaka 1925. Upande mmoja iko kichwa cha Albert wa Kwanza, mfalme wa Ubelgiji tangu 1909 mpaka 1934. Kwao ni shujaa wa vita vya 1914-1918, njo maana amevaa taji la majani ya lorie. Lorie ni mti wa pande za Mediterania. Kwetu msituni hauoti. Upande wa pili iko mngazi, Elaeis guineensis, mti wa kwetu kabisa. Shujaa wao, mmea wetu, feza moja.

Juu ya nini walichagua mngazi? Kwa sababu feza ilitoka mule. Mwaka 1911 serikali ya koloni ilipatana na Mwingereza William Lever, mtengeneza sabuni. Alipewa ruhusa ya kuchagua mpaka hektari 750 000 za mingazi katika sehemu tano. Kituo kimoja kikaitwa Leverville, kwa jina lake. Kingine Alberta, kwa jina la mfalme. Kingine Elisabetha, kwa jina la malkia. Mkata ngazi hakuna aliyempa kituo jina lake.

Na kazi ilikuwa ya huyo. Alipanda na mkanda kiunoni, juu sana, akakata mkungu, akashuka, akaubeba mpaka kwenye mizani. Wengi walilazimishwa, na kodi ilidaiwa kwa feza. Kisha ikaja taabu ya uchumi ya 1929: bei ya mafuta ikaanguka, malipo ya mkata ngazi yakashuka, lakini kodi haikumngoja. Mwaka 1931, kule Kwango, Wapende wakasema basi. Ajenti wa serikali, Maximilien Balot, akauawa; askari wakaletwa, na Wapende zaidi ya 500 wakafa. Franka hizi zilikuwa bado zinatembea mikononi mwa watu.

Sisi wa agronomia tunajua pia upande mwingine wa hadithi. Mwaka 1941, pale Yangambi, Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kwamba ukizalisha dura, wenye ganda nene, na pisifera, usio na ganda, unapata tenera: ganda jembamba, nyama nyingi, mafuta mengi. Leo mashamba makubwa ya Malesia na Indonesia yanasimama juu ya tenera. Na sisi, wenye mti, tunanunua mafuta ya mawese kutoka Asia. Nilisoma haya yote darasani, nikayajibu kwenye mtihani, lakini hayakuniuma mpaka siku ile na franka mkononi.

Mtaniuliza: na mashujaa wetu? Lumumba alitangazwa shujaa wa taifa mwaka 1966, na noti ya makuta 20 ikabeba sura yake. Ni haki yake. Lakini kati ya kichwa na mti kulikuwa mtu mwingine, yule aliyepanda, na yeye hayuko upande wowote wa feza.

Sikuiuza. Zile dola ningezila kwa siku tatu. Nilirudisha franka, nikamuuliza koko baba yake aliitwa nani, alikata wapi, alilipwa nini. Aliongea mpaka usiku, mimi naandika. Mara ya kwanza mtu wa nyumbani kumuuliza.

Sasa niko na pepinyeri ndogo ya tenera nyuma ya nyumba, miche 60. Si mingi. Lakini kama koko yako angali hai, ndugu, usingoje mnunuzi akuonyeshe thamani ya kitu chake. Enda umuulize leo.